Shahada ya ubunifu majengo, ikipimwa kwenye mteremko wa Kigoma

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, hawakosi wazazi wawili watatu wa kupanda ngazi za ofisi tunamofanyia kazi hapa Mwanga, mjini Kigoma, mtoto akiwa nyuma yao, kuja kuuliza swali lile lile: huko chuo kikuu, katika ubunifu majengo, hasa wanafundisha nini kinachohitaji miaka mitano? Nimewajibu kwa mdomo hadi nimechoka. Hapa nakusudia kuitathmini shahada hiyo kama mtu anavyotathmini kitu alichokinunua kwa ada ya wazazi, kwa mkopo wa serikali na kwa usingizi wake mwenyewe, kisha akakaa nacho muda wa kutosha kujua kinafaa wapi na kinapwaya wapi. Chuo nilichosoma sitakitaja, kwa sababu ninachokipima ni masomo yenyewe, na wenzangu waliosoma kwingine wana sifa na malalamiko yanayokaribiana na yangu. Tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikichora nyumba za kuishi, maduka na madarasa, nikiwa chini ya mbunifu majengo aliyesajiliwa.

Niondoe kwanza dhana iliyoenea mtaani, kwamba mtu huenda chuoni kujifunza kuchora ramani. Kuchora kunafundishwa, na kunafundishwa kwa ukali, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo humalizika katika mwaka wa kwanza: kushika penseli na rula ya T, kuandika herufi zinazosomeka, kutofautisha uzito wa mistari, na kukionyesha kitu kimoja kwa namna tatu, yaani plani inayotazama kutoka juu, seksheni inayokata jengo kama kisu kinavyokata mkate, na elevesheni inayoonyesha uso wake. Unajifunza pia kuhama kati ya vipimo vya mchoro (1:100 maana yake sentimeta moja ya karatasi ni mita moja ya jengo), ili ujue kwamba kiwanja huchorwa kwa 1:500 au 1:200, nyumba kwa 1:100 au 1:50, na kwamba pale ukuta unapokutana na paa huwezi kumdanganya fundi kwa 1:100, lazima ushuke hadi 1:10 au 1:5 uonyeshe msumari unaingia wapi. Mtu mwenye bidii angeyapata hayo katika miezi minane. Inayobaki ni miaka minne na zaidi, na humo ndimo ilimo bidhaa unayoilipia.

Bidhaa hiyo inaitwa studio. Ndilo somo lenye uzito mkubwa kuliko yote, linarudi kila muhula, na halifanani na darasa lolote ambalo mwanafunzi wa sekondari amewahi kuliona, kwa maana hakuna ubao wa kunakili wala jibu lililo nyuma ya kitabu. Unapewa kazi kwa ukurasa mmoja: banda la kusubiria mabasi, nyumba ya familia ya watu sita, zahanati, soko, na hatimaye mradi wa mwaka wa tano unaouchagua na kuutetea wewe mwenyewe. Kisha unaambiwa usichore. Muhula wangu wa tatu tulitumia wiki tatu nzima kwenye soko dogo la mboga bila kuruhusiwa kuchora jengo, tukihesabu wauzaji, tukipima urefu wa meza zao, tukiandika ni saa ngapi kivuli kinahama na ni njia ipi mbeba mizigo huipita. Nililaumu sana wiki hizo. Leo, mteja akiniambia anataka vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko na stoo, huwa namuuliza kwanza nani anapika, anapikia mkaa au gesi, wageni wa kutoka Kasulu wakija hulala wapi, na mama mzee anapanda ngazi au hapandi. Majibu ya maswali hayo hubadilisha nyumba kuliko mtindo wowote wa paa, na hakuna mahali pengine nilipofundishwa kuyauliza.

Mwisho wa kila kazi kuna juri. Unabandika michoro ukutani, unaweka modeli yako ya karatasi ngumu mezani, na unasimama mbele ya walimu watatu au wanne, pengine na mgeni kutoka kazini, huku darasa zima likisikiliza. Wengi husimama hapo baada ya kukesha usiku mbili. Nimewahi kuulizwa swali moja tu, choo cha walemavu kiko wapi, na nilipokosa jibu nikaona mwalimu anafunga kalamu yake. Wapo waliolia, na wapo waliohama fani kwa sababu ya dakika ishirini za namna hiyo. Kwa kweli naona zipo juri zilizovuka mpaka, ambapo mwalimu alikuwa anajionyesha tu, na hilo ni dosari ya huduma yenyewe, haliwezi kuitwa ukali wa malezi. Hata hivyo nakiri kwamba uwezo wa kusikia kazi yako ikibomolewa hadharani bila kuichukulia kama tusi, na kurudi kesho yake na mchoro ulio bora, ndio ninaoutumia kila wiki mbele ya wateja, mbele ya ofisi zinazotoa vibali vya ujenzi, na mbele ya mafundi, ambao ndio juri kali kuliko zote.

Masomo ya pembeni ya studio hayana ladha sawa. Upimaji wa ardhi ulipita haraka na wengi tuliudharau, na kwa mtu anayerudi Kigoma hilo ni kosa, kwa sababu mji huu umekaa juu ya vilima vinavyoteremka ziwani, na kiwanja tambarare ni bahati. Chukua kiwanja kinachoshuka mita moja kwa kila mita kumi. Nyumba yenye kina cha mita 12 ikielekezwa chini ya mteremko itakuwa na tofauti ya mita 1.2 kati ya ukuta wa juu na ukuta wa chini, na tofauti hiyo lazima izibwe kwa mawe, saruji na kifusi kabla hujamwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Geuza nyumba hiyo hiyo ili upande wake mwembamba wa mita 7 ndio ufuate mteremko, tofauti inashuka hadi sentimeta 70. Au igawe sakafu katika ngazi mbili, chumba cha kulala juu na sebule chini, kwa vidato vitatu au vinne, ukikumbuka kanuni ya darasani kwamba mara mbili ya kimo cha kidato ukijumlisha na upana wake ipate karibu sentimeta 62, yaani kimo cha 17 na upana wa 28. Wamiliki wengi wa viwanja vya milimani huja na ramani waliyoipakua mtandaoni, iliyobuniwa kwa ardhi tambarare ya nchi nyingine, na fedha zao huishia kwenye msingi kabla ukuta haujaonekana.

Somo ambalo ningelilipia mara mbili ni lile la mazingira na hali ya hewa, ingawa ndilo pia lililoniumbua. Tulijifunza kuchora njia ya jua kwa kila mwezi na kukokotoa kivuli. Kigoma ipo karibu digrii 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, lakini nyakati zote likiwa juu. Upenu, yaani ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta, wa sentimeta 60 tu huufunika ukuta wa kaskazini kwa kivuli cha zaidi ya mita moja adhuhuri ya Juni, na ule wa kusini kwa karibu mita 1.8 adhuhuri ya Desemba. Kuta hizo mbili hulindwa kwa gharama ndogo, ndiyo maana kanuni husema nyumba inyooke mashariki hadi magharibi na madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Nikaimeza kanuni hiyo, nikaja nayo nyumbani, na mteja wangu wa kwanza mwenye kiwanja upande wa Katonga akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba hakununua kiwanja cha kutazama ziwa ili atazame ukuta wa jirani. Ziwa liko magharibi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba vitabu vyetu vilichukulia adhuhuri kuwa saa sita mchana. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Kigoma ipo karibu digrii 29.6, na kila digrii ni dakika nne, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban saa nzima. Utosini linafika kwenye saa saba, na kuzama huzama karibu saa moja usiku. Maana yake kwa nyumba inayotazama ziwa ni kwamba saa kumi na moja jioni, watu wanaporudi kazini na kutaka kukaa sebuleni, jua la Machi au Septemba bado liko digrii 30 juu ya milima ya Kongo, na ule upenu wa sentimeta 60 unatoa kivuli cha sentimeta 35 tu. Hata veranda ya mita 2.4, ambayo wateja huiona kuwa anasa, saa kumi na mbili huacha jua lipite chini yake kana kwamba haipo, kwa maana limeshuka hadi digrii 15. Dawa ya jua la chini hutafutwa wima: ukuta wa tofali za matundu, vibao vya mninga vinavyozunguka, au mwembe uliopandwa mahali panapostahili, kama ile mikubwa ya Ujiji. Kanuni ya kukokotoa nilipewa chuoni, na ninaishukuru. Ila hakuna kazi hata moja ya studio katika miaka mitano iliyotupeleka magharibi ya nchi, na hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba saa ya mkononi na jua vinaweza kutofautiana hivyo ndani ya nchi moja.

Katika vifaa na ujenzi pengo ni lile lile, na hapa ni pana zaidi. Michoro ya kina tuliyofundishwa ilikuwa ya tofali za saruji na fremu za zege. Tofali la kuchoma, ambalo limejenga sehemu kubwa ya Kigoma na Tabora, lilipata kipindi kimoja, tena kama jambo la vijijini. Nilipopeleka mchoro wangu wa kwanza kwenye saiti ya Gungu, nilimkuta fundi mkuu, mzee wa makamo ya baba yangu, amekaa juu ya rundo la tofali akiigeuza karatasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Ramani nimeiona, ni safi. Dirisha hili umeliandika mita moja na sentimeta thelathini na saba. Hizo saba utazikata kwenye tofali la nani?"

Akanipa tofali na futi kamba. Tofali za tanuru lile zilikuwa na urefu wao, na udongo wa pengo kati ya tofali na tofali ulikuwa na wake, na vipimo vya madirisha vilitakiwa vitokane na hesabu hiyo, sivyo kila upande wa dirisha ungejazwa vipande. Nilikuwa nimesoma somo la moduli, yaani kupanga vipimo vyote vya jengo kutokana na kipimo kimoja kinachorudiwa, kwa muhula mzima, nikalifanyia mtihani na kufaulu vizuri, lakini moduli ile ilikuwa ya vitabuni. Mzee huyo hakuwahi kuliita kwa jina lolote.

Kwa upande wa nguvu za jengo sina lawama kubwa. Hatufundishwi kuwa wahandisi, na mafundi wanaotuita "injinia" tunapaswa kuwasahihisha, lakini tunafundishwa mzigo unasafiri vipi kutoka kwenye bati hadi kwenye kenchi (mbao zinazobeba paa), kutoka kwenye kenchi hadi ukutani na kutoka ukutani hadi ardhini, na tunajua wakati wa kumwita mhandisi. Ukanda huu umekaa kwenye bonde la ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea Ziwa Tanganyika na kuathiri zaidi upande wa Kongo. Ninapomsihi mteja asikatishe lenta (mkanda wa zege) juu ya milango peke yake bali aizungushe nyumba nzima na nondo zake, na ninapomkatalia ukuta mrefu wa pembetatu chini ya paa usiofungwa na kitu, ninatumia mihula miwili ya somo ambalo darasani tulilihesabu kuwa la kupita tu ili usisapu, yaani usirudie mtihani.

Historia ya ubunifu majengo iligawanywa namna ambayo bado inanikera. Misri, Ugiriki na Roma walipata muhula. Yule Mrumi Vitruvius, aliyetaka jengo liwe na uimara, manufaa na uzuri, tulimkariri kama sala. Makanisa ya Ulaya yalipata muhula mwingine, na shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1919, ikapata wiki nyingi. Afrika Mashariki ilikuwa Kilwa Kisiwani na kasri lake la Husuni Kubwa, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kisha mbunifu Beda Amuli na Soko lake la Kariakoo la miaka ya 1970, yote yakiwa mambo ya haki kabisa kufundishwa. Bara ilikuwa aya moja juu ya tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, na msonge, nyumba ya duara. Nilimaliza chuo bila kuwahi kuonyeshwa seksheni ya tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, ingawa paa lake bapa la udongo na kuta zake nene ni somo kamili la kupunguza joto bila umeme. Stesheni ya reli ya hapa Kigoma, mahali ambapo reli ya kati ilifika mwaka 1914, niliipima mwenyewe wakati wa likizo, kwa futi kamba na daftari, na mwalimu alipoiona michoro ile aliniuliza iko nchi gani.

Kuna mtu mmoja aliyefundishwa vizuri sana, nami namtaja kwa sababu ndiye aliyenirudisha nyumbani. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, alijenga shule ya msingi ya kijijini kwao, iliyokamilika mwaka 2001, akiwa bado mwanafunzi Berlin. Kuta ni za tofali za udongo wa pale pale, dari ni ya tofali yenye nafasi za kupitisha hewa, na paa la bati limeinuliwa juu yake ili joto lipeperuke kabla ya kuwafikia watoto. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa katika ubunifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Tulimchambua kwa wiki mbili, michoro yake tukaikata vipande vipande, na nilipoona kwamba vifaa vyake ni bati na udongo niliacha kuona aibu kwa tofali za kwetu.

Kuhusu kompyuta nitasema machache, maana wazazi huliulizia kuliko linavyostahili. Programu za kuchorea kama AutoCAD, ArchiCAD na Revit zinafundishwa, lakini kijana atazijua zaidi kwa rafiki wa chumbani kuliko kwa mwalimu, na picha zinazong'aa za jengo lenye magari na wazungu wanaotembea hazimsaidii fundi hata kidogo. Anunue kompyuta yenye uwezo, lakini si mwaka wa kwanza.

Eneo lililo dhaifu kuliko yote ni fedha. Ukadiriaji majenzi, yaani kukokotoa gharama za ujenzi, ni fani nyingine yenye watu wake, nasi tulipewa somo moja la kuonja, la kutoa jumla ya zege na mabati kwenye mchoro. Kwa nyumba za huku, ambazo mteja hujenga kwa awamu, leo msingi, mwakani kuta, kupaua Mungu akijalia, mbunifu asiyejua bei ya mfuko wa saruji ukishafika hapa anafanya kazi nusu. Mama mmoja mstaafu niliyemchorea nyumba, aliyekuwa amenipa kiasi chake cha fedha tangu mwanzo, aliipeleka michoro kwa mkadiriaji na kurudi na jumla iliyozidi mara mbili. Hakukasirika. Alikaa, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, nyumba umeichora vizuri, ila umeichora kwa kiinua mgongo cha mtu mwingine." Niliichora upya bila malipo, na ilipata ukubwa usiofika nusu ya ile ya kwanza. Studio zote za miaka mitano hazikuwahi kutupa kikomo cha bajeti. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja tu katika mtaala, ningebadilisha hilo.

Gharama kwa mwanafunzi nazo zijulikane mapema. Ada inafahamika, lakini kuchapisha karatasi za A1 kila juri, kununua ubao wa modeli, gundi na visu, na safari za kwenda kupima maeneo, hula bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, kabla mwezi haujafika katikati, na mzazi atapigiwa simu. Na baada ya mahafali kijana hawi mbunifu majengo bado. Kwa sheria ya mwaka 2010 jina hilo ni la aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na usajili huo hutanguliwa na kipindi cha kufanya kazi chini ya aliyesajiliwa pamoja na mitihani ya bodi. Ambaye hakuambiwa hivyo na chuo chake mapema, kama sisi tulivyokuja kuambiwa mwaka wa nne, huhisi kwamba mlango umeongezwa baada ya yeye kufika kizingitini.

Kama ni kutoa nyota, studio naipa tano, mazingira nne, ujenzi tatu, historia mbili, na somo la fedha sitalipa kitu. Ningesoma tena shahada hiyo? Ndiyo, na mdogo wangu akitaka nitamsaidia ada, kwa sharti kwamba kila likizo arudi Kigoma kupima jengo moja kwa mikono yake.

Mwaka huu tumepokea kijana wa mwaka wa pili kutoka Kibondo kwa ajili ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Alifika na kompyuta begani, akauliza meza yake ni ipi. Nilimpa futi kamba, nikampeleka Gungu kwa yule mzee, nikamwambia akae naye hadi ajue tofali za tanuru lile zina urefu gani na kwa nini. Kompyuta ataiwasha wiki ya pili.